Sura ya Sita: Bega la Msukuma Chukudu

Chukudu haina injini, haina pedali wala mnyororo. Ni miti ya mkaratusi iliyochongwa na kuunganishwa, usukani wa mti, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, na kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma ambacho mguu ukikikanyaga kinakuwa breki. Juu yake hupakiwa magunia ya makala, viazi, kabichi, mbao na bidoni za maji, hata mia kadhaa za kilo kwa safari moja. Mwaka 2009 mji wa Goma uliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, heshima ambayo lori halijapewa.

Tazama inavyoendeshwa kwenye barabara ya Sake, pale inapopita Ndosho, magharibi mwa mji. Kwenye mteremko msukuma hupiga goti juu ya ubao na kujiachia. Kwenye tambarare husukuma ardhi kwa mguu mmoja. Kilima kikianza hushuka, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili kwenye mzigo, na mwili wote ukalala mbele hadi uso unakaribia kugusa magunia. Nguvu inatoka miguuni, hilo halina ubishi. Ila nguvu ile yote, kabla haijaufikia mti, sharti ipite begani. Na miguu ikisimama kupumzika, bega halipumziki, maana chukudu iliyosimama mlimani inataka kurudi ilikotoka.

Bega moja lina misuli zaidi ya kumi na tano. Ni upi kati yake unaolipa gharama ya kile kilima? Mwenye chukudu ataonyesha kwa kidole mahali panapouma, lakini maumivu si risiti: hayaandiki nani alibeba kiasi gani. Daktari hawezi kuchomeka mzani ndani ya kila msuli. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka thelathini wahandisi na matabibu wamekuwa wakijenga mikono ya namna nyingine, mikono isiyo na damu wala ngozi, inayoishi ndani ya kompyuta.

Hesabu ya birika

Kabla ya kompyuta, inafaa kuanza na kalamu. Mama mwenye kilo 60 amenyoosha mkono mbele, sambamba na ardhi, ameshika birika la chai lenye kilo moja na nusu. Ni jambo la sekunde chache, la kila asubuhi. Mkono wenyewe, kuanzia begani hadi ncha za vidole, una karibu asilimia 5 ya uzito wa mwili, yaani kilo 3, na kitovu cha uzito huo kiko kama sentimita 30 kutoka begani. Birika liko mbali mara mbili ya hapo, sentimita 60.

Dunia huvuta kila kilo kwa nguvu ya karibu nyutoni 10. Mkono basi unavutwa chini kwa nyutoni 30, birika kwa nyutoni 15. Lakini kwa bega, uzito si kitu peke yake. Uzito huzidishwa kwa umbali. Nyutoni 30 mara mita 0.3 ni 9. Nyutoni 15 mara mita 0.6 ni 9 pia. Birika lenye nusu ya uzito wa mkono linadai sawasawa na mkono mzima, kwa sababu tu liko mbali. Jumla ya nguvu ya kugeuza ni 18, na lazima kitu fulani kiikabili la sivyo chai inamwagika.

Kitu hicho kwa sehemu kubwa ni deltoidi, ule msuli wa mviringo unaolifunika bega kama kofia. Nao una hasara ya kuzaliwa: kamba yake inavuta ikiwa sentimita 3 tu kutoka katikati ya kiungo. Gawanya 18 kwa 0.03 upate nyutoni 600. Hiyo ni nguvu ya kuning'iniza kilo 60. Kushika birika la kilo moja na nusu, msuli wa mama huyu unavuta kana kwamba unamwinua yeye mwenyewe kutoka ardhini.

Hesabu ya namna hii ilionekana kama kiinimacho mpaka pale ilipopimwa. Huko Berlin, kwenye hospitali ya chuo kikuu ya Charité, Georg Bergmann na wenzake walitengeneza mabega bandia ya chuma yenye vihisi na kisambaza mawimbi kidogo vilivyofichwa ndani. Wagonjwa wachache waliohitaji kubadilishiwa kiungo walikubali kuwekewa mabega hayo, na kuanzia katikati ya miaka ya 2000 chuma kikaanza kutuma habari kutoka ndani ya mwili, bila waya. Wagonjwa walichana nywele, wakaendesha usukani, wakainua birika la kahawa kwa mkono ulionyooka. Birika lile lilizaa ndani ya kiungo nguvu inayozidi kidogo uzito wa mwili mzima. Na kulitua mezani, jambo ambalo kila mtu angedhani ni kupumzika, kulizaa nguvu kubwa kuliko kuliinua.

Siku ya salongo

Ikiwa kalamu inatosha, kompyuta ya nini? Jibu linajulikana na kila aliyewahi kushiriki salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Gogo limelala katikati ya njia, watu kumi na wawili wameshika kamba, mmoja anaimba, gogo linasogea. Msimamizi anajua gogo limesogea. Hajui nani amevuta kwa nguvu zote, nani amevuta nusu, na nani ameshika kamba akipiga kelele tu.

Hesabu ya birika ilimpa msuli mmoja kazi yote. Bega halisi ni salongo. Misuli mingi inaushika mfupa uleule, kila mmoja kwa pembe yake, na milinganyo ni michache kuliko wavutaji. Kuna njia zisizo na idadi za kugawana zile nyutoni 600, na zote ni sahihi kwa kalamu. Ubongo huchagua moja, mara elfu kwa siku, wala hautoi maelezo.

Wajenzi wa modeli hulazimika kubuni kanuni ya ugawaji. Mwaka 1981 Roy Crowninshield na Richard Brand, nchini Marekani, walipendekeza kanuni inayofanana na busara ya mgawaji mwema: gawa kazi kiasi kwamba msuli mmoja usizidiwe peke yake, ule mnene ubebe zaidi, ule mwembamba upunguziwe, ili wote wadumu muda mrefu kabla ya kuchoka. Kwa lugha ya hesabu, chukua mkazo wa kila msuli, uzidishe kwa wenyewe mara kadhaa, jumlisha yote, kisha tafuta mgawanyo unaoifanya jumla hiyo iwe ndogo kabisa. Kompyuta hujaribu, husahihisha, hujaribu tena, mpaka ifike chini ya bonde. Kisha mwendo unasogea kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kazi inaanza upya.

Bega lina masharti yake pia, magumu kuliko ya goti au nyonga. Nyonga ni mpira uliozama ndani ya bakuli. Bega ni chungwa juu ya kisahani cha chai: wakati wowote ule, sehemu ndogo tu ya mpira wa mfupa wa mkono, karibu robo hadi theluthi, ndiyo inayoegemea kisahani. Hapo ndipo uhuru wa mkono unapotoka, na hapo ndipo bega linapoteguka. Nguvu zote zikijumlishwa, mshale wake lazima uangukie ndani ya ukingo wa kisahani. Ukitoka nje, chungwa linaanguka. Kwa hiyo misuli minne midogo inayoukumbatia mpira huo hufanya kazi hata pale ambapo haiinui chochote. Kazi yake ni kulizuia chungwa lisiondoke.

Na kisahani chenyewe hakijatulia. Ni ncha ya kombe la bega, mfupa bapa unaoteleza juu ya mbavu za mgongoni. Kombe hilo limefungwa kwenye mifupa ya kiwiliwili kwa mtulinga peke yake. Kwingine kote limeshikwa na misuli tu. Weka kiganja mgongoni mwa mtoto, mwambie ainue mkono hadi juu kabisa, na utausikia mfupa ukizunguka chini ya vidole vyako. Mwaka 1944 Verne Inman na wenzake huko California waliufuatilia mwendo huo hata kwa kupachika pini kwenye mifupa ya mtu aliye hai, wakaeleza uwiano ambao bado unafundishwa: mkono ukipanda nyuzi 180, karibu 120 zinatoka kwenye kiungo cha bega na 60 zinatoka kwa kombe linalojizungusha. Tangu hapo mjenzi yeyote anayelisahau kombe anajenga mkono wa sanamu ya dukani.

Mifupa ya namba

Modeli moja ya mapema iliyolichukulia bega kwa uzito huo wote ilitoka Delft, Uholanzi. Mwaka 1994 Frans van der Helm alichapisha bega la kompyuta lenye mtulinga, kombe, mbavu za kuteleza juu yake na misuli iliyopimwa kutoka kwenye maiti. Misuli mipana, inayotandaza vidole vyake mgongoni kama mizizi, hakuichora kama kamba moja. Aliigawa katika nyuzi kadhaa, kila moja ikivuta kwa njia yake. Sharti la mshale kubaki ndani ya kisahani aliliandika ndani ya hesabu.

Mwaka 2005 Katherine Holzbaur, Wendy Murray na Scott Delp, huko Marekani, walitoa mkono mzima kuanzia begani hadi vidoleni. Ulikuwa na njia 15 za kujikunja na kujizungusha na vipande 50 vya misuli, na lengo lake lilitajwa waziwazi: kujaribu upasuaji kwenye kioo kabla ya kuujaribu kwenye nyama. Miaka miwili baadaye Delp na kundi lake la Chuo Kikuu cha Stanford wakatangaza OpenSim, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua, kuifungua na kuibadilisha. Mwaka 2016 Ajay Seth na wenzake wakaiongezea kombe linaloteleza juu ya mbavu kama lilivyo hasa.

Ndani ya modeli hizi, kila msuli ni kamba iliyosukwa kwa vitu vitatu: injini inayojikaza, springi iliyo sambamba nayo, na kano iliyo mwishoni. Sheria za injini hiyo zimetokana na kazi ya Mwingereza A. V. Hill, aliyezichapisha mwaka 1938 baada ya kupima joto la misuli ya chura. Msuli unaojikunja haraka huvuta kidogo. Unaorefushwa huku ukikaza huvuta zaidi. Na kila msuli una urefu wake unaoupenda: ukikunjwa mno hulegea, ukivutwa mno huishiwa nguvu.

Je, kompyuta husema kweli? Mabega ya chuma ya Berlin yalitoa nafasi adimu ya kuibana. Mwaka 2010 majibu ya modeli ya Delft yaliwekwa kando ya namba zilizotumwa kutoka ndani ya wagonjwa. Umbo la mwendo lilifanana, lakini mkono ukiinuliwa, modeli mara nyingi ilitaja nguvu pungufu kuliko ile iliyopimwa. Sababu moja inaeleweka kwa urahisi. Kanuni ya mgawaji mwema huichukia hasara, kwa hiyo hairuhusu misuli miwili ivutane bure. Binadamu hufanya hivyo muda wote, hasa aliyeumia au anayeogopa: hukaza mbele na nyuma kwa pamoja ili kiungo kisitikisike. Woga haumo ndani ya mlinganyo.

Kando ya barabara ileile

Hospitali ya CBCA Ndosho ni ya Jumuiya ya Kibaptisti katika Afrika ya Kati. Tangu 2012 wapasuaji wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo Goma huiita CICR, wamekuwa wakifanya kazi humo bega kwa bega na wauguzi wa Kongo, wakipokea majeruhi wa vita. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, majeruhi walifika kwa mamia na vitanda havikutosha.

Risasi ikipita mkono wa juu haivunji mfupa tu. Nyuma ya mfupa huo, ukiuzunguka kama mtambaa kwenye mti, unapita mshipa wa fahamu unaoamrisha misuli ya kuinua kiganja na kunyoosha vidole. Ukikatika, kiganja kinaning'inia. Mwenyewe anaweza kufumba ngumi, lakini ngumi isiyo na kiganja kilichoinuka haina nguvu. Kila mtu anaweza kulihakiki hilo sasa hivi: kunja kiganja chini kabisa, kisha jaribu kubana kalamu kwa nguvu.

Dawa ya zamani ni kuhamisha kano. Mpasuaji huchukua msuli ambao mkono unaweza kuukosa, kwa mfano ule unaozungusha kigasha, hukata mwisho wake na kuushona kwenye kano ya kuinua kiganja. Msuli unapewa ajira mpya. Swali linalomkabili mpasuaji pale mezani ni la ukazaji: aivute kano kiasi gani kabla ya kushona? Ikilegea, msuli unajikunja bila kuinua kitu. Ikikazwa mno, unaishiwa nguvu, kama kila msuli uliovutwa kupita urefu wake, na kiganja kinakwama juu. Kwa kawaida jibu linatoka kwenye vidole vya mpasuaji na mazoea yake. Modeli ya 2005 ilijengwa kwa maswali ya aina hii. Kwenye kioo mtu anaweza kushona kano mara kumi kwa mikazo kumi, akaangalia kiganja kitainuka wapi na kitaanguka wapi, na hakuna anayepoteza damu.

Baada ya upasuaji huja kazi ya siku nyingi ya mtaalamu wa viungo, ambaye Goma humwita kine. Haiwezekani kuifanya kwa haraka. Mgonjwa anasimama akielekea ukuta, anapandisha vidole kama buibui, na kine anasimama nyuma yake na kiganja juu ya kombe.

“Pole pole, papa. Usiinue bega, inua mkono.”

Sentensi hiyo fupi ina uchambuzi mzima ndani yake. Mkono uliodhoofika hudanganya: kiungo kikishindwa kutoa nyuzi zake 120, kombe linajipandisha mapema ili kuficha upungufu, na mgonjwa anadhani amepona kwa sababu vidole vimefika alama ya jana. Kiganja cha kine kinausikia udanganyifu huo, kwa vipimo vya mguso, kazi ileile ambayo Inman aliifanya kwa pini.

Kwa waliokatwa mkono, bega linapewa kazi nyingine tena. Katika kituo cha Shirika la Umoja hapohapo Goma, kinachoungwa mkono na CICR, hutengenezwa viungo bandia kwa plastiki ya polipropilini, ambayo ni nyepesi, ya bei nafuu na inayostahimili mvua na vumbi. Duniani kote mkono bandia rahisi wenye ndoano huendeshwa kwa waya unaozunguka mgongo hadi bega la upande wa pili. Mtu akisogeza bega hilo mbele, waya unavutika na ndoano inafunguka. Akilirudisha, inafunga. Bega la kushoto linakuwa vidole vya kulia, jambo ambalo halimo kwenye mpango wowote wa kuumbwa kwake.

Mfano wa mbali zaidi wa kuuendesha mkono kwa hesabu ulitokea Cleveland, Marekani. Bill Kochevar alipooza kuanzia mabegani kwenda chini baada ya ajali ya baiskeli. Timu iliyoongozwa na Bolu Ajiboye ilimwekea vipokezi kwenye ubongo na elektrodi 36 kwenye mkono, na mwaka 2017 ikaripoti kwamba, baada ya miaka minane, alijilisha na kunywa kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa amejifunza kwanza kuusogeza mkono wa kompyuta kwenye kioo, kwa kuuwaza tu. Na hata hapo bega lilibaki kuwa bega. Misuli yake haikutosha kuushinda uzito wa mkono, ikabidi kiwekwe kitegemeo chenye mota cha kuuinua. Elektrodi ziliweza kiwiko na kiganja. Zile nyutoni 600 ziliachiwa mashine.

Mwili wa nani?

Ukiifungua modeli ya 2005 unakutana na mwanamume wa kimo cha wastani. Urefu wa mifupa yake, unene wa misuli yake na nguvu za viungo vyake vimeunganishwa kutoka kwenye vipimo vingi vilivyofanyika Marekani na Ulaya, vingine kwenye maiti za wazee. Kumrefusha au kumfupisha ni rahisi, kompyuta hufanya hivyo kwa sekunde. Kumpa nguvu za mtu mwingine ni vigumu. Kijana aliyesukuma chukudu tangu ujana wake hana msuli wa wastani, wala mama aliyebeba gunia mgongoni kwa ukanda wa kichwani tangu akiwa binti hana shingo ya wastani.

Afrika Mashariki imewahi kuwashtua wapimaji kwa namna hiyo. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kiluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda wa kipaji. Hesabu iliyozoeleka ilisema kila kilo ya ziada huongeza gharama ya kutembea. Wanawake hao walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada inayopimika. Mwaka 1995 Norman Heglund na kundi lake walieleza siri: mwendo wao, wakiwa na mzigo, hurejesha nishati vizuri zaidi, kama pembea inayobembea bila kusukumwa. Kosa halikuwa la kalamu. Kalamu ilikuwa imewasikiliza watembeaji wengine.

Na chukudu? Hesabu yake ya kwanza inaweza kufanywa hapahapa. Tuseme chombo na mzigo ni kilo 300, na kilima kinapanda mita 5 kwa kila mita 100. Kuuzuia mzigo huo usirudi kunadai karibu nyutoni 150, sawa na kuinua kilo 15, kabla ya kuhesabu ukinzani wa gurudumu la mbao kwenye mawe ya volkano. Gawa kwa mikono miwili: nyutoni 75 kila mmoja.

Sasa angalia mwili umelala vipi. Mikono ikiwa karibu imenyooka na viganja viko usawa wa mabega, nguvu inapita karibu na katikati ya kiungo, tuseme sentimita 5 kutoka hapo. Nguvu ya kugeuza ni chini ya 4. Mpira unasukumwa ndani ya kisahani chake na mfupa unabeba kazi. Usukani ukiwa chini na mtu amesimama wima, nguvu ileile inapita sentimita 20 kutoka begani, na nguvu ya kugeuza inafika 15, karibu na ya birika, kwa kila mkono, hatua baada ya hatua, hadi kilele. Kilima ni kilekile na mzigo ni uleule. Kule kulala mbele hadi uso unakaribia magunia, ambako mpita njia anakuona kama dalili ya kuchoka, ni njia ya kuipunguzia misuli deni mara nne.

Kwa chombo kingine cha Goma, modeli imeshatoa jibu. Kwenye mpaka na Gisenyi, watu wenye ulemavu wa miguu wamekuwa wakivusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono, na wengi wamejenga maisha yao juu ya biashara hiyo. Mwaka 2012 Ursina Arnet na wenzake waliwapima watu waliopooza miguu wakitumia vyombo viwili, kiti cha magurudumu kinachosukumwa kwa kushika ukingo wa gurudumu, na baiskeli ya mikono, kisha wakapitisha vipimo kwenye modeli ya Delft. Baiskeli ililielemea bega kwa kiasi kidogo zaidi. Mikono inayozungusha pedali mbele ya kifua husukuma na kuvuta mfululizo, na ile misuli minne ya kulizuia chungwa haishtuliwi kwa kila msukumo mfupi kama kwenye ukingo wa gurudumu. Mafundi waliochomelea pedali za mikono mbele ya kifua, kutoka vyuma vya baiskeli za kawaida, waliifikia sehemu hiyo ya jibu kwa njia yao.

Vifaa vya kuichunguza chukudu vivyo hivyo si vya mbali. OpenSim ni ya bure. Mwaka 2023 Stanford ilitoa OpenCap, inayosoma mwendo wa viungo kwa kamera za simu mbili au zaidi bila maabara. Kilichobaki ni kujua nguvu inayopita kwenye usukani, na kwa hiyo upo mzani wa ndoano ambao wauza nyama hutundikia vipande. Fundi aufunge mbele ya chukudu iliyopakiwa, kamba ishikwe, mzigo uvutwe taratibu kupanda kilima. Sindano itaruka juu wakati gurudumu linaanza kuzunguka, kisha itashuka na kutetemeka kwa kila jiwe. Mtu wa pili aisome kwa sauti na wa tatu aandike.